Kuhamia Morisi na familia: kibali kwanza, nyumba baadaye

Watu wengi wanaoniuliza habari za kuhamia Morisi huanza na nyumba. Kodi ya Grand Baie ni kiasi gani, bahari iko umbali gani, kuna msikiti karibu. Nawaelewa, lakini hapo mtu amenunua tandiko na punda hana. Serikali ya Morisi haina haja ya kujua unapenda kukaa wapi. Inataka kujua jambo moja: pesa yenu inatoka wapi? Ukishalijibu hilo kwa ukweli, mengine yote yanajipanga: aina ya kibali, miaka mtakayopewa, nani aruhusiwe kufanya kazi na nani akae kama tegemezi.

Kwa wasioijua, Morisi ni kisiwa cha kilomita za mraba 1,865 hivi, kikubwa kidogo tu kuliko Unguja, chenye watu zaidi ya milioni moja. Kutoka Nairobi ni saa nne hivi kwa ndege, na saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Magari yanapita kushoto kama kwetu. Undugu wa kale upo pia, ingawa ni wa machungu: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, na soko lake lilikuwa kisiwa hiki hiki, wakati huo kikiitwa Isle de France. Kwa hiyo ukikutana na mtu pale Le Morne mwenye sura ya mjomba wako wa Lindi, usishangae sana.

Hatua ya 1: Jibuni swali la pesa

Kaeni mezani, mume na mke, simu mkiziweka pembeni, muandike kipato cha miezi 12 iliyopita na kilikotoka. Kisha tazameni mnaangukia wapi.

Kama mnalipwa kutoka nje na kazi yenu ni ya kompyuta na intaneti (mwandishi wa programu anayelipwa na kampuni ya London, mfasiri, mhasibu wa wateja wa Dubai), mlango wenu ni Premium Visa. Ilianzishwa mwaka 2020 wakati watalii walipopotea kwa sababu ya korona. Ni ya mwaka mmoja, inaweza kuongezwa, na ilipoanzishwa kuiomba hakukuwa na ada. Sharti kubwa ni kuonyesha kipato kisichopungua dola 1,500 kwa mwezi, na kwamba kazi na chanzo cha pesa viko nje ya Morisi. Bima ya afya na tiketi ya kurudia navyo vinatakiwa. Haikuruhusu kuajiriwa wala kufungua duka kisiwani. Ukikamatwa unauza chapati Flic en Flac, umejiharibia.

Mimi huwashauri wenye kipato cha namna hii waanzie hapa hata kama wana uwezo wa kuomba kibali kikubwa zaidi. Mwaka mmoja unatosha kupima maji kabla ya kuuza shamba la Kibaha.

Kama umepata mwajiri wa huko, utaombewa Occupation Permit ya mtaalamu. Hiki ni kibali cha kazi na cha ukaazi kwa pamoja, na mwajiri ndiye anayeanzisha maombi. Kuna kiwango cha chini cha mshahara, nacho hakitulii: mwaka 2020 kilikuwa rupia 60,000 za Morisi kwa mwezi kwa fani nyingi, baadaye kikashushwa, na huguswa tena na tena. Kabla ya kusaini mkataba, hakikisha mshahara wa msingi ulioandikwa humo unafika kiwango cha mwaka huo. Posho za nyumba na gari usizihesabu.

Mwenye mtaji anaweza kuomba kama mwekezaji. Katika mageuzi ya vibali ya 2020 mtaji wa kuanzia ulishushwa kutoka dola 100,000 hadi 50,000, na kampuni inatakiwa kufikisha mauzo yaliyowekwa kwenye masharti. Watu huyasahau mauzo. Wanaleta dola 50,000 kwa mbwembwe, wanafungua mgahawa, mwaka wa pili wanaulizwa hesabu na hawana cha kuonyesha. Ipo pia njia ya anayejiajiri mwenyewe, ambayo katika mageuzi hayo ilikuwa na mtaji wa dola 35,000. Hiyo ni kwa kazi za huduma tu, na unatakiwa kuonyesha barua za wateja watarajiwa, wakiwemo wa humo humo kisiwani. Hapo ndipo penye kazi. Mteja wa Port Louis hakuandikii barua kwa kuona picha yako tu. Lazima uwe umekwenda, umekunywa naye chai.

Wastaafu kuanzia miaka 50 wana kibali chao cha ukaazi. Masharti ni kuhamishia kila mwezi kiasi fulani katika akaunti ya benki ya Morisi. Kiwango cha 2020 kilikuwa dola 1,500. Nitasema ukweli ambao mawakala hawasemi: pensheni ya mwalimu au ya karani wa halmashauri haifiki hapo. Njia hii inamfaa mwenye nyumba za kupangisha Upanga au Nyali, au aliyestaafu shirika la kimataifa.

Na mwisho ni kununua. Mgeni hawezi kununua ardhi yoyote tu. Sheria ya mwaka 1975 inazuia. Anaruhusiwa ndani ya miradi maalumu inayojulikana kwa vifupisho vyake, IRS ya 2002, RES ya 2007, PDS ya 2015 iliyochukua nafasi ya hizo mbili, na ile ya miji mipya ya kisasa. Ukinunua kwa dola 375,000 au zaidi, wewe na familia mnapata ukaazi kwa muda wote mtakaoimiliki nyumba. Mkiiuza, ukaazi nao unaondoka. Zipo fleti za bei ya chini ambazo wageni wanaruhusiwa kununua, lakini hazileti kibali, na wauzaji wengine hulisema hilo kwa sauti ndogo sana.

Nyongeza moja inayohusu viwango vyote nilivyovitaja. Bajeti ya Morisi husomwa Juni na mwaka wao wa fedha unaanza 1 Julai. Karibu kila bajeti hugusa vibali. Basi ingia tovuti ya Bodi ya Maendeleo ya Uchumi, ambayo huko kila mtu anaiita EDB, upakue mwongozo wenye tarehe ya baada ya bajeti ya karibuni. Karatasi uliyotumiwa na shemeji kwenye WhatsApp iweke kando.

Hatua ya 2: Amueni nani anabeba kibali, na nani anaingia chini yake

Familia nzima huning'inia kwenye kibali cha mtu mmoja. Kazi ikiisha, kibali kinakufa, na vya mke na watoto vinakufa nacho. Kwa hiyo kama nyote wawili mnastahili, mbebaji awe yule ambaye pesa yake ni ya uhakika zaidi. Asiwe yule mwenye cheo kikubwa kwa sababu ya cheo chake. Nimeona nyumba ambamo mume alikuwa meneja kwa mkataba wa mwaka na mke alikuwa na wateja wa nje wa miaka sita. Wakaomba kwa jina la mume, kwa heshima ya mume. Mkataba haukuongezwa.

Mageuzi ya 2020 yaliongeza muda wa Occupation Permit hadi miaka 10, na ukaazi wa kudumu kutoka miaka 10 hadi 20. Yalimfungulia mlango pia mke au mume wa mwenye kibali kufanya kazi. Hata hivyo, pata jibu la maandishi kutoka EDB kuhusu hali ya mwenzi wako kabla hajaacha kazi yake ya nyumbani.

Tegemezi wanaotambuliwa ni mke au mume, watoto walio chini ya miaka 24, na wazazi. Sasa tuongee kama watu wa kwetu. Nyumba zetu hazina watoto wa kuzaa tu. Yupo mtoto wa dada aliyefariki, yupo binamu aliyekuja kusoma darasa la tano akabaki. Kwa afisa wa uhamiaji, mtoto uliyemlea miaka tisa kwa makubaliano ya wazee barazani si wako. Anataka amri ya mahakama. Kenya na Tanzania, kuasili mtoto ni shauri la mahakama, na si la wiki mbili. Kama mna mtoto wa namna hiyo, anzeni na yeye kabla ya jambo lolote lingine, hata kabla ya kutafuta kazi. Vivyo hivyo kwa mzazi anayelea peke yake: ridhaa ya maandishi ya mzazi wa pili au amri ya malezi, moja kati ya hizo.

Dada wa kazi hahesabiki kama tegemezi hata akiwa amekaa nanyi tangu kifungua mimba azaliwe.

Hatua ya 3: Vyeti, herufi kwa herufi

Hapa ndipo miezi inapopotelea. Jioni moja nilikaa na mama mmoja wa Tanga, faili la kaki mapajani, tukipanga karatasi juu ya mkeka. Pasipoti ya mwanawe: Abdallah. Cheti cha kuzaliwa: Abdalla. Kadi ya kliniki: Abdala. Cheti cha shule: Abdallah tena, lakini jina la babu limechukua nafasi ya jina la baba. Watoto watatu kwenye karatasi, na yule mmoja wa kweli alikuwa nje anacheza mpira. Ilibidi kurudi RITA, wanaosajili vizazi Tanzania, kisha kwa wakili kwa hati ya kiapo, kisha kusubiri.

Tandazeni karatasi zenu zote sakafuni leo, msisubiri kesho. Someni majina kwa sauti, mmoja asome pasipoti, mwingine afuatilie kidole kwenye cheti. Tofauti ya herufi moja irekebisheni sasa.

Mtakavyohitaji ni pasipoti zenye muda mrefu mbele, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha tabia njema cha polisi kwa watu wazima, vyeti vya elimu na barua za kazi kwa mwombaji. Waliooana kwa shehe au kanisani na kuishia kwenye karatasi ya msikiti au parokia, hakikisheni ndoa imesajiliwa serikalini. Karatasi ya Kiswahili itafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa na mfasiri anayetambulika. Tanzania na Kenya zina vyeti vinavyohitaji mihuri ya wizara ya mambo ya nje vikienda nje, kwa hiyo wekeni siku za foleni hiyo kwenye kalenda.

Cheti cha polisi na vipimo vya hospitali vifanyike mwisho, kwa sababu vinazeeka haraka. Ukivichukua Januari na ukaomba Septemba utavirudia kwa gharama yako.

Hatua ya 4: Benki

Nilidhani benki ingekuwa jambo dogo. Si dogo. Morisi yenyewe iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya nchi zinazofuatiliwa kwa utakatishaji wa fedha Februari 2020, ikatoka Oktoba 2021, na tangu hapo mabenki yake yanauliza maswali kama mama mkwe. Tanzania nayo iliingizwa kwenye orodha hiyo Oktoba 2022 na kutoka Juni 2025. Kenya iliingizwa Februari 2024. Kwa hiyo pasipoti yako peke yake imeshawafanya wakae wima.

Andaa maelezo ya chanzo cha fedha kana kwamba unamweleza mtu asiyeijua Afrika Mashariki. Taarifa ya M-Pesa kwetu ni ushahidi tosha, kwao inaweza kuwa karatasi ngeni. Kama wateja wanakulipa kwa simu, anza sasa kupitisha malipo benki, ili miezi sita au mwaka ujao uwe na taarifa yenye mihuri. Umeuza kiwanja? Chukua mkataba wa mauziano, risiti ya kodi, na taarifa ya benki inayoonyesha pesa ikiingia, vitatu kwa pamoja. Pesa za upatu na harambee ziandikiwe barua, la sivyo zitakuletea maswali ambayo huwezi kuyajibu kwa simu ya saa tano usiku.

Kodi ya mapato nayo muifahamu. Ukikaa siku 183 ndani ya mwaka wao wa kodi, kuanzia Julai hadi Juni, unahesabiwa mkaazi. Viwango ni vya ngazi, hadi asilimia 20, tangu Julai 2023. Kwa mwenye Premium Visa, kinachotozwa ni kipato anachokiingiza Morisi. Matumizi kwa kadi ya benki ya nje hayahesabiwi kuwa pesa iliyoingizwa. Zungumza na mhasibu wa upande wa nyumbani pia, maana watoza kodi wetu, KRA wa Kenya na TRA wa Tanzania, hawatakusahau kwa sababu umevuka bahari.

Hatua ya 5: Maombi yenyewe

Hii ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Maombi ya Occupation Permit hufanyika kwa mtandao katika mfumo wa kitaifa wa leseni, EDB wanayapitia, na Ofisi ya Pasipoti na Uhamiaji iliyopo Port Louis ndiyo inayotoa kibali. Ukikubaliwa awali unakwenda mwenyewe na nakala halisi za kila ulichopakia. Vipimo vya afya vinajumuisha picha ya kifua, homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI, na majibu yanaweza kuathiri maombi; mwenye hofu apime kwanza nyumbani, kwa siri yake, kabla ya kulipia chochote. Premium Visa inaombwa kwa mtandao pia, kwa fomu yake.

Kwa kuwa Wakenya na Watanzania huingia bila kuomba viza kabla, wapo wanaoshawishika kwenda kama watalii na kuanza kazi wakisubiri karatasi. Usifanye hivyo. Kisiwa ni kidogo, jirani anajua uliamka saa ngapi.

Hatua ya 6: Nendeni mkakae kwanza, na si mwezi wa Desemba

Nendeni Julai. Kila mtu anaijua Morisi ya picha, ya jua na maji ya kijani. Julai pale Curepipe, kwenye nyanda za juu, ni mvua ya manyunyu, ukungu na nguo zisizokauka. Mtoto wa Mombasa atalala na sweta. Ukishuka pwani ya Flic en Flac au Tamarin siku hiyo hiyo, jua linawaka. Safari ni fupi, lakini ni kama kutoka Lushoto kwenda Pangani. Wageni hukodi nyumba ya juu kwa sababu ya bei na wakajuta kwa sababu ya ukungu.

Kisha kuna vimbunga, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Tahadhari hutangazwa kwa madaraja kuanzia la I. Likifika la III watu wote wawe ndani. Januari 2024 kimbunga Belal kilileta mafuriko katikati ya Port Louis, magari yakaelea. Ukitazama nyumba, uliza maji ya mvua yanakimbilia wapi, na tazama kama kuna tangi juu ya dari, kwa kuwa miezi ya ukame mgao wa maji upo.

Shule ndiyo itakayowaumiza vichwa zaidi ya kibali. Mfumo wa kiserikali huanza Januari, unafuata mitihani ya Cambridge huko juu, na Kiingereza ndicho lugha rasmi ya kufundishia. Wazazi wa Kenya husikia hapo wakafurahi. Lakini uwanjani watoto wanaongea Krioli, mwalimu anafafanua kwa Kifaransa, na Kifaransa ni somo la lazima tangu mwanzo. Mtoto wa miaka sita atakishika kwa muhula mmoja. Wa miaka 13 anayejiandaa na mitihani, mtafutieni mwalimu wa Kifaransa mwaka mzima kabla ya safari, au pangeni fedha za shule ya kimataifa. Zipo Moka na upande wa kaskazini. Shule za mfumo wa Ufaransa huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba, basi tarehe ya kuhama ifuate shule.

Mkiwa huko, pitieni soko la Port Louis. Shelisheli lipo, muhogo upo, magimbi yapo. Majani ya maboga yanauzwa mafungu mafungu, wanayaita brède giraumon, na mnavu ni brède martin. Dholl puri ya barabarani, ile mikate laini ya dengu inayokunjwa na mchuzi wa maharage, itawafanya watoto waseme tusirudi.

Wenye watoto wakubwa wafanye hesabu moja zaidi. Akitimiza miaka 24 anatoka chini ya kibali chenu. Kama atasoma chuo kikuu humo kisiwani, kipo kibali cha wataalamu vijana kwa wahitimu wa vyuo vya Morisi, cha miaka mitatu, nacho humpa nafasi ya kutafuta kazi yake.

Siku ya kuondoka

Kadi za chanjo ya homa ya manjano ziwe mkononi, si kwenye sanduku. Dawa za usingizi au za maumivu makali zibebwe na cheti cha daktari. Forodha yao haina mzaha na dawa, na hata karatasi za kusokotea sigara ni marufuku kuingizwa. Miche ya mkaratusi aliyowapa bibi, iacheni kwa bibi.

Morisi ilitangazwa kuwa imeondokana na malaria mwaka 1973, na inalinda jina hilo. Kwa kuwa mnatoka nchi yenye malaria, mnaweza kutolewa damu kidogo uwanjani au kutembelewa nyumbani na afisa afya siku za mwanzo, kwa anwani mliyoiandika kwenye fomu. Kwa hiyo iandikeni anwani sahihi, na akibisha hodi mumfungulie, mtoto mwenye homa asifichwe chumbani.